Michezo mikubwa ya kimataifa: kwa nini kila mara Kinshasa?

Katika msimu wa 2024-2025, timu ya AS Maniema Union ya Kindu ilicheza katika makundi ya Ligi ya mabingwa wa Afrika. Ilipambana na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, pia Raja na AS FAR za Morocco. Lakini wakaaji wa Kindu hawakuona hata mechi moja nyumbani kwao. Timu yao ilipokea wageni kwenye kiwanja cha Martyrs huko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1000 kwa ndege, kwa sababu jimbo la Maniema halina kiwanja kinachokubaliwa na shirikisho la mpira la Afrika, CAF.

Ndiyo maana, kila mara Congo inapozungumzia kupokea mashindano makubwa, swali moja linarudi mashariki mwa nchi: je, ni lazima yafanyike Kinshasa?

Historia inaonyesha kwamba mji mkuu ndio uliopata karibu kila kitu. Tarehe 30 Oktoba 1974, Mohamed Ali na George Foreman walipigana Kinshasa kwenye kiwanja ambacho leo kinaitwa Tata Raphaël. Kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5, na serikali ya Mobutu ndiyo iliyobeba mzigo ili jina la Zaire lijulikane duniani. Lilijulikana kweli. Ila Bukavu, Kisangani au Lubumbashi hazikubakiwa na kitu chochote cha kuchezea kutokana na usiku ule.

Miaka 49 baadaye, kuanzia tarehe 28 Julai hadi tarehe 6 Agosti 2023, Kinshasa ilipokea Michezo ya tisa ya Francophonie. Michezo hiyo ilikuwa imepewa kwanza miji ya Moncton na Dieppe huko Canada. Mwanzoni mwa 2019, jimbo la New Brunswick lilijitoa. Gharama iliyokadiriwa mwanzo kuwa dola za Canada milioni 17 ilikuwa imepanda hadi kama milioni 130, na wakuu wa jimbo walikataa kuwabebesha walipa kodi wao deni hilo. Congo ikachukua nafasi. Michezo iliahirishwa mara mbili, kisha ikafanyika, na Kinshasa ikabakiwa na kumbi mbili mpya za michezo pale Tata Raphaël.

Wanaotetea mji mkuu wana hoja nzito. Kiwanja cha Martyrs kinahesabiwa kupokea watu 80,000, na hakuna kingine nchini kinachokikaribia. Kinshasa ina uwanja wa ndege wa N'djili, hoteli nyingi, hospitali kubwa na balozi za nchi za nje. Mgeni anayeleta timu ya taifa lake anataka kujua mchezaji akivunjika mguu atapelekwa wapi, na kama kuna ndege ya kumrudisha kwao. Kwa upande huo, ni vigumu kuishinda Kinshasa.

Lubumbashi nayo ina la kusema. Kiwanja cha TP Mazembe, pale Kamalondo, kinapokea watu wapata 18,000. Ndipo Mazembe ilipokamilisha ushindi wake wa Ligi ya mabingwa mwezi Novemba 2015, mbele ya USM Alger. Lakini kiwanja hicho ni mali ya timu, si cha serikali, na ni kidogo kwa ufunguzi wa mashindano makubwa.

Kwa upande wa Goma na Bukavu, hali ni ya uchungu zaidi. Tangu mwanzo wa 2025, miji hiyo miwili iliangukia mikononi mwa waasi wa AFC/M23. Mnamo Februari mwaka huo, kiwanja cha Unité cha Goma kilijaa watu, lakini hawakuja kutazama mpira: walikuja kwenye mkutano wa hadhara wa waasi hao. Hakuna shirikisho linaloweza kutuma wachezaji mahali pa namna hiyo. Kwa wakaaji wa Kivu, amani ndiyo sharti la kwanza kabla ya kiwanja chochote.

Hata hivyo, vita haielezi kila kitu. Kindu haiko mikononi mwa waasi, na bado timu yake ilikwenda kucheza kama mgeni katika nchi yake.

Jirani zetu wanaonyesha njia nyingine. Kombe la Afrika, CAN 2027, lilipewa Kenya, Tanzania na Uganda mnamo Septemba 2023. Uganda haikutegemea Kampala peke yake. Ilijenga kiwanja cha watu 20,000 huko Hoima, upande wa pili wa Ziwa Albert. Tanzania nayo ilianza kujenga kingine Arusha, mbali na Dar es Salaam. Kijana wa Ituri anayependa mpira atakuwa na kiwanja cha CAN karibu naye kuliko Kinshasa, lakini ng'ambo ya mpaka.

Congo yenyewe haijawahi kupokea CAN, ingawa imeshinda kombe hilo mara mbili, mwaka 1968 na 1974. CAF inadai viwanja sita kwa mashindano ya timu 24, na viwili kati yake lazima vipokee watu 40,000 au zaidi. Kwa hesabu hiyo, kushindana kati ya Kinshasa na Lubumbashi hakufiki mbali: mji mmoja hautoshi. Kisangani, Kindu, Bunia au Mbuji-Mayi zitahitajika pia.

Lakini viwanja havijengwi katika miezi michache ya haraka kabla ya wageni kufika. Mji unaosubiri kuchaguliwa ndipo uanze kujenga hautachaguliwa kamwe. Kwa mashabiki wa mashariki, ahadi ya kwanza ya kudai kwa viongozi wa michezo ni ndogo kuliko CAN: kiwanja kimoja kinachokubaliwa na CAF, ili siku Maniema Union ikirudi katika makundi, Kindu ipokee wageni wake yenyewe.