Metali Kimiminika Ndani ya Mpira: Kutoka kwa Potwe wa Kilindoni hadi Mguu wa Binadamu (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulimwacha papa potwe akiogelea mbele ya Kilindoni, kisiwani Mafia, na kipashasauti kimechomekwa ubavuni mwake karibu na pezi la mgongo. Tuliona pia jinsi vipokezi vilivyozamishwa baharini vilivyoivunja dhana ya miaka mingi. Wavuvi na waongoza wageni humwona potwe kuanzia Oktoba hadi karibu Februari, kisha haonekani, na watu wakaamini kwamba amehama. Fernando Cagua na wenzake walichapisha utafiti wao mwaka 2015 katika jarida la Biology Letters, wakaonyesha kuwa potwe yupo Mafia mwaka mzima. Msimu ukipita huzama zaidi na kusogea mbali na ufuko, yaelekea akifuata chakula, ndiyo maana hatumwoni.

Leo tukifungue chombo chenyewe. Ndani ya kipashasauti mna betri, bodi ndogo ya umeme na kitoa mlio, vyote vimefungwa katika gamba gumu lililoshikizwa kwenye ngozi ya mnyama kwa kichomeo. Potwe wengi wa Mafia ni madume ambao hawajapevuka, wenye urefu wa mita 6 au 7, na bado wanakua. Mwili hupinda kila mkia unapopiga maji. Kitu kigumu kilichopachikwa kwenye mwili laini usiotulia hakikai milele. Siku moja hung'oka kikaenda zake. Na hata kikikaa, habari zake ni haba: samaki yupi amepita, saa ngapi, pengine na kina. Hakisemi mkia umepiga mara ngapi, wala matamvua yamefunguka vipi alipokuwa akichuja uduvi. Habari za namna hiyo zinatokana na kuvutika na kulegea kwa mwili, na bodi ngumu haiwezi kuvutika nao.

Fundi simu yeyote anaujua udhaifu huu. Simu iliyokaliwa huzimika, ukiifungua unakuta risasi iliyoshika vipande kwenye bodi imepata ufa. Shaba ni metali laini, lakini utando mwembamba wa shaba ukivutwa asilimia chache tu huanza kupasuka, na njia ya umeme hukatika. Ngozi ya binadamu kwenye goti au kiwiko huvutika asilimia 30 na zaidi bila kudhurika. Anayetaka saketi ya kuvaliwa na kiumbe hai hana budi kuliziba pengo hilo.

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuiacha metali iwe ngumu ila kuichora kwa mapindo, njia ya umeme ikienda kwa nyoka-nyoka juu ya mpira. Mpira ukivutwa, mapindo hunyooka na metali yenyewe haiumii. Hii ndiyo njia iliyofuatwa na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mfalme Abdullah, kule Saudi Arabia. Na hapa msomaji wa Mafia ana haki ya kutega sikio, maana chuo hicho ndicho kilichoshiriki utafiti wa potwe wa mwaka 2015. Mwaka 2018 kundi la Joanna Nassar na Muhammad Mustafa Hussain lilitangaza kibandiko cha mpira wa silikoni walichokiita Ngozi ya Bahari. Uzito wake ndani ya maji haukufika gramu 3, kilipima kina, joto na chumvi ya maji, na kilijaribiwa kwa kaa. Toleo lililofuata lilistahimili kina cha kilomita 2 katika Bahari ya Shamu. Sijasikia kwamba kimewahi kuvishwa potwe wa Mafia.

Njia ya pili ni ya ajabu zaidi: kuachana kabisa na waya mgumu, ukachukua metali iliyokwisha kuyeyuka na kuijaza katika kimrija ndani ya mpira. Kimiminika hakina cha kukatika. Mpira ukirefuka, metali hurefuka nao. Ukirudi, nayo hurudi.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1953 mtafiti wa Uingereza, R. J. Whitney, alieleza kifaa alichokitengeneza kwa kimrija cha mpira kilichojazwa zebaki. Alikizungusha kwenye mkono au mguu wa mtu, akapitisha mkondo wa umeme, na kwa kusoma ukinzani akajua kiungo kimevimba kwa kiasi gani damu inapoingia. Inafaa tukae kidogo na hesabu yake, kwa sababu ndiyo roho ya makala haya. Ukinzani wa waya huongezeka kadiri waya unavyorefuka, na huongezeka tena kadiri unavyokonda. Kimrija chenye kimiminika kikivutwa kinafanya yote mawili kwa mpigo, kwa kuwa ujazo wa metali haubadiliki. Urefu ukizidi mara 2, eneo la mkato wake hupungua hadi nusu, na ukinzani unapanda mara 4. Sasa utazame mguu: mzingo wake ukikua asilimia 1, ujazo wa sehemu ile hukua takriban asilimia 2. Kimrija kilichouzunguka nacho kimerefuka asilimia 1, hivyo ukinzani wake umepanda takriban asilimia 2. Namba mbili zinalingana! Ukisoma asilimia ya ukinzani umesoma asilimia ya uvimbe, bila jedwali wala kompyuta. Nadhani ni miongoni mwa vipimo vilivyobuniwa kwa akili safi kabisa katika tiba.

Tatizo lilikuwa zebaki. Mvuke wake ni sumu ya neva na figo, na Watanzania hatuhitaji kufundishwa hilo kutoka ng'ambo. Wachimbaji wadogo wa dhahabu Geita na Chunya wameichoma zebaki hewani kwa miongo mingi, na athari zake zimetafitiwa. Mpira ukipasuka kwenye mguu wa mgonjwa, zebaki hutawanyika wodini. Kifaa cha Whitney kilitumika mahospitalini kwa miaka mingi, lakini kilibaki ndani ya kuta za hospitali.

Mrithi wa zebaki alitabiriwa kabla hajaonekana. Mwaka 1871 Mrusi Dmitri Mendeleev aliacha nafasi tupu chini ya aluminiamu katika jedwali lake la elementi, akasema iko metali itakayoijaza. Mwaka 1875 Mfaransa Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran akaipata: galiamu. Huyeyuka kwenye nyuzi 29.76 za Selsiasi. Mchana wa Machi pale Kilindoni, kipande cha galiamu kilichoachwa juu ya meza kinaweza kugeuka majimaji chenyewe, bila jiko. Ukiichanganya na indiamu, sehemu 75 kwa 25 za uzito, aloi inayopatikana huyeyuka kwenye nyuzi 15.5 hivi; ukitia na bati, hushuka hadi karibu nyuzi 11. Katika joto la kawaida aloi hizi hazitoi mvuke wa kuhesabika, na hiyo ndiyo tofauti kubwa na zebaki. Umeme nao hupita ndani yake vizuri kuliko katika zebaki, takriban mara 3, ingawa shaba huzishinda mara 17 hivi.

Lakini sifa iliyozipa aloi hizi soko jipya ni nyingine. Galiamu ikigusa hewa hujifunika papo hapo kwa ngozi ya oksaidi yenye unene wa nanomita chache tu, kama utando unaotanda juu ya maziwa yaliyochemshwa. Zebaki hujikunja ikawa vidonge. Galiamu hushikwa na ngozi yake ikabaki pale pale ulipoichora. Mwaka 2008 Michael Dickey, George Whitesides na wenzao walionyesha kwamba aloi ya galiamu na indiamu ikisukumwa ndani ya mifereji myembamba kuliko unywele hujaa, halafu husimama bila kumwagika hata shinikizo likiondolewa. Tangu hapo imewezekana kuichapa juu ya mpira.

Haikuwa rahisi kama ninavyoisimulia. Ukinzani unaopanda mara 4 ni neema kwa anayepima, ila ni balaa kwa anayetaka waya wa kawaida wa kupeleka umeme, ambao hautakiwi kubadilika mwili unapopinda. Vilevile ncha za chipu na betri ni ngumu, na pale laini linapokutana na gumu ndipo saketi nyingi hufia. Mwaka 2021 kundi la Rebecca Kramer-Bottiglio katika Chuo Kikuu cha Yale lilitoa uji wa galiamu na indiamu wenye chembe ngumu ndani ya kimiminika. Uji huo huchapika kwa urahisi, hushikana vizuri na miguu ya vipande vya kawaida vya elektroniki, na ukinzani wake haupandi sana unapovutwa. Miaka 3 kabla yake, kundi la Carmel Majidi huko Carnegie Mellon lilikuwa limetawanya matone ya metali hii ndani ya mpira. Mpira ukitobolewa, matone jirani hupasuka na kuungana, na umeme hupata njia ya kulizunguka tundu.

Turudi baharini. Je, potwe atavalishwa saketi hii? Upande mmoja wa mambo unavutia. Mpira uliojaa kimiminika hauna hewa ndani, hivyo shinikizo la kina halina pa kuuponda. Mshipi wa namna hiyo karibu na mkia ungehesabu kila pigo, na watafiti wangejua potwe anatumia nguvu kiasi gani anapokula uduvi na anapopishana na majahazi. Ila potwe wamepimwa wakizama zaidi ya mita 1,900, ambako maji yana nyuzi 4 hivi, chini kabisa ya kiwango ambacho aloi hizi huganda. Galiamu ina tabia ya kuchelewa kuganda, hasa ikiwa kwenye mirija myembamba, hivyo huenda ikavumilia. Lakini kifaa kinachotegemea uvivu wa metali kuganda hakinipi usingizi mzuri. Mpira wa silikoni nao hupitisha mvuke wa maji polepole. Na mawimbi ya redio hayasafiri mbali katika maji ya chumvi, kwa hiyo bado utahitaji kitoa mlio na betri yake, vitu vigumu vilevile tulivyotaka kuvikimbia.

Kwa maoni yangu, kazi ya kwanza ya metali hii Mafia iko nchi kavu, tena ni ileile ya Whitney: kupima uvimbe. Mafia inayafahamu matende. Mpango wa taifa wa kutokomeza ugonjwa huo ulipoanza kugawa kingatiba kwa jamii nzima, mwaka 2000, ulianzia kisiwani humo, na dawa zake zilikuwa ivermektini na albendazoli. Kingatiba huua vijidudu vya minyoo katika damu na kukata uenezaji wake kupitia mbu. Mguu uliokwisha kuharibika mishipa ya limfu haurudi kwa vidonge. Unataka kuoshwa, kukaushwa, kuinuliwa na kufanyishwa mazoezi kila siku, kwa miaka. Na mgonjwa anayeosha mguu kila siku anahitaji kujua kama unapungua. Siku hizi hupimwa kwa utepe, na utepe hutegemea mkono wa anayeukaza: muuguzi huyu atasoma hiki, mwenzake asome kile. Bendi ya mpira yenye kimrija cha galiamu na indiamu hujikaza yenyewe bila kutegemea mkono wa mtu, haina zebaki ya kuogopwa, na kwa hesabu tuliyoiona inatoa asilimia ya uvimbe moja kwa moja. Betri na chipu vinaweza kukaa pembeni katika kiboksi kigumu, kwa kuwa mguu hauzami mita 1,900.

Ukweli wa gharama usifichwe. Galiamu hupatikana kama zao la ziada katika usafishaji wa boksiti, indiamu katika usafishaji wa zinki, na sehemu kubwa mno ya galiamu ya dunia hutoka China. Agosti 2023 China ilianza kudhibiti usafirishaji wake nje. Lakini kimrija cha bendi moja huhitaji gramu chache tu, na bendi ikichakaa metali inaweza kurudishwa: mpira hukatwa, ngozi ya oksaidi huyeyushwa kwa maji ya sodiamu haidroksaidi, na matone huungana upya.

Tahadhari moja kwa atakayeijaribu: usiiweke karibu na kitu chochote cha aluminiamu. Galiamu hupenya kati ya punje za aluminiamu, na sufuria au gamba la mashine ya boti huweza kudhoofika hata kuvunjika kirahisi.

Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na madaktari wa Muhimbili hawahitaji kusubiri maabara ya Yale iwafungulie njia. Mpira, sindano, gramu kadhaa za aloi na mita ya kupimia ukinzani vinatosha kutengeneza bendi ya kwanza na kuilinganisha na utepe kwenye miguu ya wagonjwa watakaoridhia. Kazi hiyo ianzie Mafia, kama kingatiba ilivyoanzia.