Samadi ya kuku imezima mtambo wako wa biogesi? Angalia amonia kwanza

Juzi mfugaji mmoja wa kuku wa mayai amenipigia: "Bwana shamba, mtambo ulikuwa unawaka vizuri na kinyesi cha ng'ombe. Nikasema samadi ya kuku ninayo bure, nikahamia huko moja kwa moja. Sasa moto hauwaki kabisa."

Tatizo ni naitrojeni. Kuku hana mkojo wa pembeni, vyote vinatoka pamoja, ndiyo maana samadi yake ni kali. Mtambo unapenda kaboni kati ya 20 na 30 kwa naitrojeni 1. Kinyesi cha ng'ombe kinakaribia hapo, cha kuku mara nyingi hakizidi 10. Naitrojeni ya ziada inageuka amonia, na hiyo inawadhoofisha bakteria wanaotengeneza gesi. Kadiri pH na joto la tope vinavyopanda, ndivyo amonia inavyozidi kuwa sumu kwao.

Jamaa alikuwa tayari kumwaga chokaa, eti mtambo umechacha. Nikamwambia subiri! Chokaa na majivu vinapandisha pH, hapo unaongeza sumu. Nunua karatasi za kupimia pH, si ghali. Ukikuta chini ya 6.5, hiyo ni asidi, umelisha kupita kiasi. Ukikuta 8 hivi na harufu inakuchoma pua, hiyo ni amonia.

Ukishajua ni amonia, acha kulisha kama wiki moja. Kisha toa sehemu ya tope, tuseme robo, ujaze kinyesi kibichi cha ng'ombe kilichochanganywa na maji nusu kwa nusu. Maji yanapunguza ukali, kinyesi kinaleta bakteria wapya. Tope litolewe kwa njia yake ya kutokea. Usiingie ndani ya mtambo hata kama umeona umekauka, gesi ile inaua mtu haraka sana.

Baada ya hapo ni uvumilivu, inaweza kuchukua wiki kadhaa. Moto ukirudi, anza na ndoo moja ya kuku kwa ndoo nne za ng'ombe, uongeze maji kuliko ulivyozoea. Bakteria wanazoea amonia ukipandisha kidogo kidogo, hawapendi kushtukizwa. Huna ng'ombe? Ongea na jirani, au tumia majani na mabua yaliyokatwakatwa vizuri. Maranda ya bandani usiyategemee: kaboni yake haiozi kirahisi, na yanaelea juu yakafanya utando. Pia kuku wakiwa kwenye dozi ya antibayotiki, samadi ya siku hizo weka pembeni, maana dawa ile haichagui bakteria.

Tope ulilotoa usilimwage mtaroni, ni mbolea yenye naitrojeni nyingi. Lichanganye na maji, weka mbali kidogo na shina, ufukie na udongo siku hiyohiyo, la sivyo amonia inapotelea hewani.