Una bastola na unataka kuasili mtoto? Haya ndiyo utakayoulizwa

KATIKA mitaa ya Kitengela, ambako nyumba mpya huchomoza kila uchao kandokando ya barabara kuu ya Namanga, si vigumu kuwapata mume na mke waliojenga, wakachimba kisima na kupanda miti, lakini chumba kimoja cha nyumba yao kingali kitupu. Wamesubiri mtoto kwa miaka mingi, na sasa wameamua kuasili, au kama wengi wasemavyo, kupanga mtoto.

Miongoni mwa watu wa aina hiyo wamo wanaomiliki bunduki kwa leseni. Mmoja ni mfanyabiashara wa mifugo anayerejea kutoka sokoni na fedha taslimu. Mwingine ana shamba kubwa kuelekea Isinya, mbali na jirani yeyote, na wa tatu aliwahi kuvamiwa na majambazi akaapa kwamba hatalala tena bila kinga.

Hao wanapoketi kujaza fomu za shirika la uasili, swali moja huwakaba koo. Je, waseme kwamba kuna silaha nyumbani, au wanyamaze? Wengine hukata tamaa kabla ya kuanza kwa kudhani kwamba mwenye bunduki hawezi kupewa mtoto. Wengine huamua kuificha, na hapo ndipo hujiponza.

Jibu fupi ni kwamba bunduki yenye leseni haimfungii mtu mlango wa kuasili. Hata hivyo, namna inavyohifadhiwa, na namna mwenyewe anavyoizungumzia, vinaweza kuufunga.

Sheria mbili, nyumba moja

Uasili nchini Kenya unaongozwa na Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka wa 2001. Umiliki wa bunduki nao unaongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya sheria za nchi. Sheria hizi mbili zilitungwa kwa makusudi tofauti, lakini hukutana katika nyumba ya mwombaji.

Sheria ya Watoto hutaja masharti ya anayetaka kuasili. Kwa kawaida mwombaji, au mmoja wao wanapokuwa wawili, awe ametimiza umri wa miaka 25, amzidi mtoto kwa angalau miaka 21, na awe hajafika miaka 65. Aliyewahi kupatikana na hatia ya makosa fulani, hasa yale ya kuwadhulumu watoto, huzuiwa. Katika masharti hayo hakuna kinachomkataza mtu kwa sababu tu ana leseni ya bunduki.

Kilichopo ni kanuni moja iliyo kubwa kuliko zote. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yatakayotangulizwa katika kila jambo linalomhusu. Kwa hivyo, anayekuja kuikagua nyumba yako haulizi iwapo una haki ya kumiliki bastola. Anauliza iwapo mtoto atakuwa salama akiishi nayo chini ya paa moja.

Sheria ya Silaha, kwa upande wake, inamtaka kila mwenye bunduki aihifadhi mahali salama wakati wote. Pia inakataza leseni kupewa mtu mlevi, asiye na akili timamu, au ambaye kwa sababu yoyote hafai kukabidhiwa silaha. Ukiyatazama vyema masharti hayo, utaona kwamba sifa zinazomfanya mtu afae kuwa na bunduki hazitofautiani sana na zile zinazomfanya afae kulea: utulivu, kiasi na uangalifu.

Safari ya kuasili ilivyo

Mwombaji huanzia kwa shirika la uasili lililosajiliwa na Baraza la Taifa la Huduma za Watoto. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, ni busara kuthibitisha usajili huo katika afisi ya watoto iliyo karibu nawe. Kumbuka pia kwamba kumnunua mtoto, au kumlipa mzazi ili amtoe, ni kosa la jinai.

Shirika hutaka stakabadhi kadha: kitambulisho, cheti cha ndoa kwa walioowana, ripoti ya daktari, uthibitisho wa mapato, barua za wadhamini na cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi. Baada ya hapo hufuata uchunguzi wa nyumbani, unaofanywa na afisa wa ustawi wa jamii.

Afisa huyo huja nyumbani, akatazama vyumba, maji, choo, ua na lango. Huzungumza na mume na mke, pengine kwa pamoja na kisha kila mmoja peke yake. Huweza pia kuongea na wengine wanaoishi humo, wakiwemo watoto wakubwa, jamaa na yaya. Ripoti yake hupelekwa kwa kamati ya shirika, ambayo huamua iwapo mwombaji anafaa.

Akikubaliwa, hutafutwa mtoto ambaye shirika limethibitisha kisheria kwamba anaweza kuasiliwa. Mtoto huyo lazima awe ametimiza wiki sita tangu azaliwe. Huishi na wazazi watarajiwa kwa angalau miezi mitatu kabla ya ombi kuwasilishwa katika Mahakama Kuu. Wakazi wa kaunti hii wana Mahakama Kuu mjini Kajiado, hivyo si lazima wafunge safari hadi Nairobi.

Mahakama humteua mlezi wa muda wa kumwakilisha mtoto katika kesi, naye pia hufika nyumbani na kuandika ripoti. Idara ya Huduma za Watoto huandika yake. Kwa maneno mengine, nyumba yako hutazamwa kwa macho zaidi ya mawili, na kwa nyakati tofauti. Anayedhani kwamba ataihamisha bastola kwa shemeji siku moja na mambo yakaisha, anajidanganya. Isitoshe, shemeji asiye na leseni akipatikana na silaha hiyo, wote wawili watajikuta taabani.

Maswali ya kutarajia

Swali la kwanza huwa ni la stakabadhi. Je, leseni ingali hai? Leseni ya silaha nchini huhuishwa kila mwaka, na anayesimamia utoaji wake ni Bodi ya Leseni za Silaha, iliyoundwa kufuatia marekebisho ya sheria ya mwaka wa 2014.

Mnamo Desemba 2018, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Dkt Fred Matiang'i, aliamuru raia wote wenye bunduki wapigwe msasa upya. Serikali ilionya kwamba ambaye hangejitokeza angehesabiwa kuwa anamiliki silaha kinyume cha sheria. Aliyebaki na karatasi za kabla ya zoezi hilo, bila kupitia msasa huo, hana budi kulisuluhisha jambo hilo na mamlaka kwanza. Asimwite afisa wa ustawi nyumbani na kosa la jinai likiwa kabatini.

Swali la pili ni la mahali. Bastola hulala wapi? Jibu la "chini ya mto" au "juu ya kabati" ndilo linalowaangusha wengi. Mtoto hupanda, huchungulia na hufungua kila kilichofungwa kwa ulegevu. Pahali panapofaa ni katika sefu ya chuma, iliyokazwa ukutani au sakafuni kwa misumari mikubwa ili isibebwe, na isiyokuwa katika chumba cha mtoto wala mahali anapochezea.

Swali la tatu ni la risasi. Nchini Marekani, ambako bunduki zimejaa majumbani, majimbo mengi huwataka walezi wa watoto wafungie bunduki isiyo na risasi, na risasi zenyewe zifungiwe kando. Chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo, American Academy of Pediatrics, hutoa ushauri uo huo. Sababu ni bayana: huko, watoto wa umri wa miaka mitatu wamewahi kufyatua bastola walizozipata nyumbani. Anayefuata utaratibu huo Kitengela atakuwa na jibu ambalo hakuna mkaguzi atakayelidharau.

Swali la nne huwashangaza wengi: nani ana ufunguo? Leseni hupewa mtu, haipewi nyumba. Iwapo mume ndiye mwenye leseni, mke asiye nayo haruhusiwi kuwa na silaha hiyo mikononi mwake, sembuse yaya au bawabu. Kwa hivyo ufunguo au namba ya siri ya sefu ibaki kwa mwenye leseni peke yake. Ufunguo unaoning'inia msumarini jikoni ni sawa na kutokuwa na sefu kabisa.

Swali la tano halihusu chuma bali moyo. Kwa nini unayo? Umewahi kuitoa katika ugomvi? Unakunywa pombe? Mke wako anajihisi vipi kuishi nayo? Hapa ndipo mahojiano ya faragha yanapokuwa na uzito. Mke akisema kwamba mumewe huiweka mezani wanapozozana, hakuna sefu itakayoiokoa ripoti hiyo. Wala haipasi kuokolewa.

Simba na sababu za Kajiado

Wako watakaosema kwamba Kajiado si mahali pa kuishi bila silaha. Kitengela inapakana na malisho ambayo wanyama wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi huyapitia, na mnamo Juni 2012 wakazi waliwaua simba sita waliokuwa wamevamia mifugo yao. Ni kweli kwamba wanyama hao huleta hasara.

Lakini uwindaji umepigwa marufuku nchini tangu mwaka wa 1977, na simba akionekana anayepaswa kuitwa ni Shirika la Huduma za Wanyamapori. Anayemweleza mkaguzi kwamba bunduki yake ni ya kuwapiga simba atakuwa amejitia matatani kwa kinywa chake mwenyewe. Heri kusema sababu ile ile iliyoandikwa katika ombi la leseni.

Kwa afisa wa polisi au askari wa wanyamapori, suala ni tofauti kidogo. Bunduki ya kazi ni mali ya serikali na mahali pake ni katika ghala la silaha baada ya zamu. Mwombaji wa aina hiyo aeleze wazi utaratibu wa kituo chake na aonyeshe kwamba nyumbani haiji.

Kuasili si jambo geni

Wapo wanaoona aibu kuasili, wakidhani ni desturi ya kigeni. Hata hivyo, simulizi za Wamaasai zenyewe husema kwamba ukoo wa malaiboni ulitokana na mtoto aliyeokotwa katika vilima vya Ngong, akalelewa na watu wa ukoo wa Ilaiser. Katika ardhi hii hii ya Kajiado, mtoto asiyejulikana alikotoka alikuja kuwa chanzo cha viongozi.

Kwa Waislamu, sheria ya mwaka wa 2022 inatambua pia kafala, ambapo mtoto hulelewa bila kubadilishwa nasaba yake. Katika uasili wa kimahakama, mtoto huhesabiwa kuwa wa wazazi wapya kwa kila hali, na haki ya urithi ikiwemo. Njia yoyote mtu atakayoichagua, hatari ya bunduki nyumbani ni ile ile.

Kabla hujabisha hodi

Anayejiandaa anaweza kuanza leo. Ahuishe leseni na atengeneze nakala yake. Anunue sefu na kuikaza mwezi mmoja au zaidi kabla ya ziara, ili iwe mazoea na si maonyesho. Aketi na mwenzake wakubaliane kuhusu ufunguo, wageni na pombe. Na iwapo akijichunguza anaona kwamba hana tena haja ya silaha hiyo, anaweza kuisalimisha kwa mamlaka kwa kufuata sheria. Hakuna aibu katika hilo.

Zaidi ya yote, ataje silaha hiyo mwenyewe mapema, kabla hajaulizwa. Afisa akiambiwa na mwenye nyumba, huandika kwamba mwombaji ni mkweli na mwangalifu. Akiambiwa na yaya, au akiiona kwa bahati, huandika kwamba mwombaji huficha mambo. Na mtu aliyeficha bunduki, nani atajua ameficha nini kingine? Uongo mdogo wa siku ya kwanza unaweza kumpokonya mtu mtoto ambaye tayari amezoea kumwita baba.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, kwa maana kidole kikikatika kidogo atakuwa amejifunza. Bunduki haina funzo la pili. Ndiyo maana mkaguzi huuliza, na ndiyo maana mzazi wa kweli hakasiriki anapoulizwa.

Na kwa wale wanaoendelea kusitasita mbele ya fomu, wahenga hao hao wamekwisha kuwajibu: mficha uchi hazai.