Je, Wajua? Waganga, Mpaka na Watu wa Bukavu

Je, wajua kwamba daktari anayejulikana kuliko wote waliozaliwa Bukavu hakuingia kazini kwa sababu ya vita? Denis Mukwege, aliyezaliwa tarehe 1 Machi 1955, ni mwana wa mchungaji wa Kipentekoste. Akiwa mtoto alifuatana na baba yake kumwombea mtoto mgonjwa, akamwuliza kwa nini hampi na dawa. Baba akamweleza kwamba yeye si muganga. Basi kijana akaamua: baba ataomba, na yeye atatoa dawa. Alipokuwa daktari, kilichomuuma zaidi ni akina mama waliokuwa wakifa wakati wa kujifungua, na hao ndio aliokusudia kuwatumikia.

Je, wajua kwamba masomo yake yote ya udaktari aliyapata nje ya nchi yake? Shahada ya kwanza aliipata Bujumbura mwaka 1983. Ubingwa wa magonjwa ya wanawake aliusomea Angers, Ufaransa. Mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 60, alitetea tasnifu yake ya uzamivu kuhusu fistula katika Université Libre de Bruxelles. Na mara mbili alivuka mpaka kwa kukimbia: mwaka 1996 akafika Nairobi, mwaka 2012 akaenda Sweden, kisha Ubelgiji. Warundi na Wafaransa walimfundisha, Wakenya na Wasweden wakampa hifadhi. Kila ninaposikia watu wa kwetu wakizungumza juu ya «wageni» kana kwamba neno hilo halitawahi kutuangukia sisi, namkumbuka yeye.

Je, wajua fistula ni nini hasa? Ni tundu linalojitokeza kati ya kibofu cha mkojo na uke, au kati ya njia ya haja kubwa na uke. Uchungu wa kuzaa ukidumu mno bila msaada, kichwa cha mtoto hubana nyama za mama hadi damu isipite, nyama ikafa na kutoboka. Ubakaji wa kikatili nao hutoboa vivyo hivyo. Mkojo huanza kutiririka mchana na usiku bila kizuizi. Nguo hazikauki, harufu haiondoki. Mume anahamia chumba kingine, kisha anahama kabisa. Kanisani watu wanasogea upande wa pili wa benchi. Mpasuaji hulifunga tundu hilo kwa nyuzi nyembamba, tabaka juu ya tabaka, kisha mama anawekewa mpira wa mkojo kwa siku kadhaa ili kibofu kipumzike na kushikana. Wengine hupona kwa upasuaji mmoja. Wengine hurudi tena na tena. Mukwege na wenzake wa hospitali ya Panzi, Bukavu, wamekuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa duniani wa kazi hiyo, na ujuzi wao wameupata kwa wingi wa wanawake walioharibiwa. Hilo ni jambo la kutuumiza kabla ya kutupa fahari.

Je, wajua kwamba hospitali yake ya kwanza ilivamiwa? Usiku wa tarehe 6 Oktoba 1996, wenye silaha waliingia hospitali ya Lemera, kusini mwa Bukavu, wakaua watu zaidi ya 30, wengi wao wagonjwa waliokuwa vitandani. Miaka 22 baadaye, alipopanda jukwaani Oslo kupokea Tuzo ya Amani ya Nobel, ni kisa hicho alichoanza nacho.

Je, wajua kwamba Panzi ilianza mwaka 1999, ikikusudiwa iwe mahali pa kuzalia? Mgonjwa wa kwanza hakuja kuzaa. Alikuwa amebakwa, kisha akapigwa risasi. Daktari alidhani ni ukatili wa aina yake usiotokea mara mbili, lakini ndani ya miezi mitatu wanawake 45 walikuwa wamefika na habari ileile. Hapo ndipo alipoanza kuandika, kuhesabu na kusema hadharani. Hadi mwaka 2018 hospitali ilikuwa imewahudumia zaidi ya manusura 50,000.

Kuhesabu si jambo dogo. Je, wajua kwamba mtaalamu mmoja wa magonjwa ya mlipuko, Mmarekani Les Roberts, ndiye aliyeishtua dunia kwa kuhesabu wafu wetu? Mwaka 2000 yeye na wenzake walipita nyumba kwa nyumba katika maeneo kadhaa, Katana na Kabare yakiwamo, wakiuliza swali rahisi: nani amefariki humu tangu vita vianze, na kwa nini? Wakakadiria vifo milioni 1.7 mashariki mwa Kongo kuanzia Agosti 1998 hadi Mei 2000, juu ya vile ambavyo vingetokea wakati wa amani. Waliouawa kwa silaha walikuwa kama 200,000 tu. Wengine wote walichukuliwa na malaria, kuharisha, surua na njaa, kwa sababu walikuwa wamekimbilia misituni na vituo vya afya vilikuwa vimeporwa. Hesabu za baadaye, zilizofika milioni 5.4, zilipingwa na watafiti wengine, hasa kuhusu kiwango cha vifo cha wakati wa amani kilichotumiwa kulinganishia. Mabishano hayo ni ya haki. Lakini ukweli wa msingi haukubatilishwa: katika vita vyetu, mtu aliyehamishwa nyumbani kwake huuliwa zaidi na homa kuliko risasi.

Na je, wajua kwamba jambo hilo Kivu ilikuwa imelishuhudia mapema? Julai 1994, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walipoingia Goma, kipindupindu na kuhara damu viliua kama watu 50,000 ndani ya mwezi mmoja. Bukavu nayo ilijaa wakimbizi, na mtaa wa Panzi ulikuwa na kambi yao, miaka mitano kabla ya hospitali.

Je, wajua kwamba kilomita kama 45 kaskazini mwa Bukavu, chini ya mlima Kahuzi, kuna kituo cha sayansi kilichokuwa na sifa Afrika nzima? Ni Lwiro, makao ya taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947 kwa jina la IRSAC. Leo ni kituo cha Kikongo cha sayansi asilia.

Historia ya taasisi hiyo ina funzo zito kuhusu utambulisho. Miongoni mwa waliofanya kazi nayo alikuwa Jean Hiernaux, daktari Mbelgiji aliyepima miili ya watu wa Rwanda na Burundi: kimo, pua, kichwa. Vipimo vya namna hiyo vilitumiwa na wengi kudai kwamba majirani ni mbari tofauti, huyu mwenyeji, yule mgeni wa kale. Kumbe mpimaji mwenyewe hakuishia hapo. Takwimu na fikra zake zilimpeleka mbali na dhana yenyewe ya mbari, na mwaka 1964 alikuwa miongoni mwa wataalamu waliokutana Moscow kwa wito wa UNESCO kutoa tamko la kibiolojia dhidi ya ubaguzi. Natamani habari hiyo ifundishwe katika shule zetu, kwa maana kuna vijana wa Kivu wanaotukanana hadi leo kwa maumbo ya pua, bila kujua kwamba mtu aliyezipima pua hizo alikana kwamba zinaweza kuwagawa binadamu.

Je, wajua kwamba kisiwa cha Idjwi kimeandikwa katika vitabu vya tiba ulimwenguni kwa sababu ya muhogo? Kaskazini mwa kisiwa watu wengi walikuwa na rovu, uvimbe wa shingoni. Kusini-magharibi walikuwa wachache sana. Ajabu ni kwamba madini joto yalikuwa haba pande zote mbili. François Delange na André Ermans, watafiti wa Kibelgiji, walionyesha katika makala ya mwaka 1971 kwamba kiini kilikuwa chakula: muhogo usioandaliwa vizuri hutoa kemikali inayozuia tezi ya shingo kushika yale madini machache yaliyopo. Dawa yake si kuwanyima watu bugali wao. Ni chumvi yenye madini joto, na kuuloweka muhogo hadi sumu itoke, kazi ambayo mama zetu wanaijua.

Idjwi hiyohiyo inaingia pia katika habari ya Mukwege. Tarehe 25 Oktoba 2012, wiki chache baada ya Mukwege kuhutubia Umoja wa Mataifa, watu wenye silaha walivamia nyumba yake Bukavu. Mlinzi wake aliuawa. Yeye na familia yake waliokoka, wakaondoka nchini. Je, wajua ni nani waliomrudisha? Wanawake wa Idjwi. Waliandika barua kwa wakubwa, hazikujibiwa. Basi wakauza mananasi, vitunguu na matunda mengine, senti kwa senti, ili wamkatie daktari tikiti ya ndege, wakati wengi wao walikuwa wakiishi kwa chini ya dola moja kwa siku. Tarehe 14 Januari 2013 alitua uwanja wa ndege wa Kavumu, na barabara ya kuingia mjini ilijaa watu wa kumpokea. Mimi sijui heshima kubwa kuliko hiyo ambayo mwanasayansi wa nchi hii amewahi kupewa.

Je, wajua kwamba habari ya Tuzo ya Amani ya Nobel ilimkuta kwenye chumba cha upasuaji? Ilikuwa tarehe 5 Oktoba 2018. Aligawana tuzo hiyo na Nadia Murad, Myazidi wa Iraki aliyepata hifadhi Ujerumani. Daktari aliyewahi kuwa mkimbizi na manusura mkimbizi.

Je, wajua kwamba vyeti vya madaktari vilisaidia kumfunga mheshimiwa? Huko Kavumu, kati ya 2013 na 2016, wasichana wadogo zaidi ya 40, wengine wakiwa bado wachanga, walichukuliwa usiku na kubakwa. Walitibiwa Panzi, na majeraha yao yakaandikwa kwa utaratibu wa kisheria. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliwahukumu watu 11 kifungo cha maisha, mbunge wa jimbo akiwa mmoja wao.

Kusema kwa Mukwege hakukuishia hospitalini. Mwaka 2020, baada ya kulaani mauaji ya Kipupu katika wilaya ya Mwenga na kudai tena mahakama kwa uhalifu ulioandikwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, yenye matukio 617 ya kati ya 1993 na 2003, alitishiwa kuuawa hadi walinda amani wakarudishwa Panzi. Wapo waliomwita adui wa taifa fulani au kabila fulani. Wasome madai yake: anataka wahukumiwe wote, Wakongomani na wageni, na jeshi la nchi yake mwenyewe lisafishwe.

Je, wajua kwamba alijiuzulu wadhifa wa serikali kwa sababu ya mpaka, pamoja na mambo mengine? Mwaka 2020 aliongoza tume ya afya dhidi ya Korona Kivu Kusini. Tarehe 10 Juni aliacha. Alieleza kwamba majibu ya vipimo kutoka Kinshasa, kilomita kama 1,500 kwa ndege, yalichukua zaidi ya wiki mbili. Kwamba watu walikana kuwapo kwa ugonjwa. Na kwamba maelfu ya Wakongomani walikuwa wakirudi kutoka nchi jirani bila karantini. Nadhani hapo alisema kile ambacho kila mtu wa mpaka wa Ruzizi anakijua. Wakati wa kawaida mama muuza samaki wa sambaza anavuka asubuhi na beseni kichwani, ananawa kwenye ndoo yenye robine, anapimwa joto kwenye paji la uso, anaonyesha jeto lake la kuvukia, anapita, jioni anarudi. Ukimfungia mlango huo, watoto wake bado watataka kula, naye atatafuta njia ya mtoni, mahali pasipo na ndoo wala kipimo.

Je, wajua kwamba aina mpya ya mpox iliyotikisa dunia ilitambuliwa jimboni mwetu? Binadamu wa kwanza kujulikana kuugua mpox alikuwa mtoto mchanga wa Équateur mwaka 1970. Lakini Septemba 2023, Kamituga, mji wa dhahabu wilayani Mwenga, wagonjwa walianza kuonekana kwa namna nyingine: watu wazima, wachimbaji na wanawake wanaofanya ngono ya biashara, vidonda vikianzia sehemu za siri. Wengi wao walikuwa wametoka mbali kufuata dhahabu, kutoka miji mingine ya Kongo na nchi jirani, na kila aliyerudi kwao aliweza kurudi na virusi. Vinasaba vilionyesha alama za virusi vinavyopita mtu kwa mtu.

Makala iliyotangaza jambo hilo mapema mwaka 2024 iliongozwa na Leandre Murhula Masirika, mtafiti wa Kivu Kusini, na aliyeandikwa wa pili ni Jean Claude Udahemuka wa Chuo Kikuu cha Rwanda. Serikali za nchi hizo mbili zilikuwa zikishutumiana kila wiki. Hawa wawili walikuwa wakihesabu vidonda pamoja.

Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa. Kabla ya hapo, mwishoni mwa Julai, Kenya ilikuwa imempata mgonjwa wake wa kwanza katika kituo cha mpakani Taita Taveta: msafiri aliyetoka Uganda kwenda Rwanda kupitia Kenya. Alitambuliwa palepale mpakani.