Kukaa Sana Si Kumiliki

Ndugu msomaji, shamba unalolima ni la nani? Labda utajibu, "Ni langu, nimekaa hapa miaka mingi." Soma habari hii, uone kama jibu hilo linatosha.

Hapa Tanzania lipo shirika la Masista wa Roho Mtakatifu. Shirika hilo lina wadhamini walioandikishwa kwa sheria. Wadhamini hushika mali kwa niaba ya shirika. Sista akihama au akifa, ardhi hubaki ya shirika.

Watu 137 waligombania ardhi na shirika hilo. Walidai kwamba wameikalia muda mrefu, kwa hiyo imekuwa yao. Kesi ilifika Mahakama ya Rufani, Arusha. Ilikuwa rufaa namba 193 ya mwaka 2016, na waliokata rufaa ni masista.

Mahakama ilisema kwamba kukaa muda mrefu peke yake hakumpi mtu ardhi. Anayedai hivyo lazima athibitishe mambo mengi. Lazima aonyeshe kwamba mwenye ardhi aliitupa. Aonyeshe kwamba yeye aliingia bila ruhusa, akakaa waziwazi, na miaka 12 ikapita bila kudaiwa. Dai la watu wale lilikataliwa.

Je, uliingia shambani kwa kukaribishwa? Basi wewe ni mgeni. Mgeni hawi mwenye nyumba hata akikaa miaka 30.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, kama shamba lako liko katika ardhi ya kijiji, omba hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo hutolewa na halmashauri ya kijiji.

Pili, kanisa, msikiti au shirika likiomba ardhi ya kijiji, neno la mwenyekiti peke yake halitoshi. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Hudhuria mkutano huo. Uliza maswali. Hakikisha uamuzi umeandikwa.

Tatu, ugomvi ukitokea, msishike mapanga. Nendeni kwenye baraza la ardhi la kijiji. Baraza hilo lina wajumbe 7, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kupatanisha.

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Leo jioni toa karatasi za shamba lako, uzisome mwenyewe. Kama huna hata moja, kesho nenda ofisi ya kijiji.