Kabla ya Kadi Mpya, Soma Kibandiko cha Pawa Saplai

Kompyuta ya gemu iliyounganishwa kiwandani huuzwa kwa majina mawili: la prosesa na la kadi ya michoro. Hayo ndiyo yanayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, na ndiyo muuzaji anayokutajia ukiingia dukani. Pawa saplai, ubao mama, feni na kasha lenyewe havitajwi, na hapo ndipo kiwanda hubana gharama. Mwaka wa kwanza mwenye mashine haoni tofauti. Huiona baada ya miaka mitatu au minne, anapotaka kubadilisha kadi na fundi akamwambia haiingii, au inaingia lakini haitawaka.

Tuchukue mashine ya daraja la kati ya mwaka 2020 au 2021, umri ambao watu wengi huanza kuiuza kama mtumba. Ndani yake kuna ubao mama wa B460, prosesa ya Core i5-10400F yenye kore sita, kadi ya GTX 1660 Super ya GB 6, RAM ya GB 8, SSD ya GB 256 na diski ngumu ya TB 1. Hata leo si mashine ya kudharau. Kwenye monita ya 1080p inaendesha Valorant na Fortnite vizuri tu. Shida huanza kwenye gemu kubwa za miaka ya karibuni: picha zinakwamakwama, na mwenyewe anaanza kupigia hesabu kadi mpya.

Asikimbilie kadi. Afungue ubavu wa kasha kwanza ahesabu vipande vya RAM. Mara nyingi atakuta kimoja, kwa sababu kipande kimoja cha GB 8 humgharimu mtengenezaji kidogo kuliko viwili vya GB 4. Prosesa hii ina njia mbili za kuifikia RAM, na kipande kimoja hutumia njia moja tu. Kwa DDR4 ya kasi ya 2666, njia moja hupitisha takriban GB 21 kwa sekunde. Zikifunguka zote mbili zinafika 42. Kwa hiyo kipande cha pili cha GB 8 hufanya kazi mbili kwa mpigo: kinaongeza nafasi na kinafungua njia iliyokuwa imelala. Mikwamo midogo katikati ya mchezo, ile inayoudhi kuliko kasi ndogo yenyewe, hupungua sana. Usilipie zaidi eti upate RAM ya 3200. I5 hii kwenye ubao wa B460 itaishusha mpaka 2666 utake usitake. Na kwa kuwa bei za RAM zilipanda vibaya kuelekea mwisho wa 2025, baada ya viwanda kuelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba, cha mtumba kinatosha kabisa. RAM ni kati ya vitu vichache ninavyoweza kumshauri mtu anunue vimeshatumika bila wasiwasi.

Baada ya hapo ndipo ujue nani anachelewesha kazi. Kipimo ni rahisi na hakihitaji fundi. Washa gemu inayokusumbua, angalia idadi ya fremu kwa sekunde, kisha shusha rezolusheni kutoka 1080p hadi 720p. Fremu zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa, maana umeipunguzia picha ya kuchora nayo ikapumua. Fremu zikibaki palepale, kadi haina kosa. Prosesa ndiyo imefika mwisho wake, na ukinunua kadi mpya utakuwa umetupa pesa. Watu wengi hupuuza jaribio hili la dakika tano kisha wanalalamika kwamba kadi waliyouziwa ni feki.

Tuseme kadi ndiyo tatizo. Sasa soma kibandiko cha pawa saplai, na usiishie kwenye ile namba kubwa ya wati. Prosesa na kadi ya michoro hula karibu umeme wao wote kwenye mstari wa volti 12. Kibandiko kikisema wati 400 lakini mstari wa volti 12 ukaandikwa ampea 25, zidisha: 12 mara 25 ni 300. Hizo ndizo wati zako za kweli. Zilizobaki zimewekwa kwenye volti 3.3 na 5, ambako kompyuta ya leo inahitaji kidogo sana.

Linganisha na mahitaji. i5-10400F imeandikwa wati 65, ila ikisukumwa hufika takriban 134 kwa muda. Kadi ya RTX 3060 hula 170. Weka 50 kwa ubao, diski, feni na vinginevyo. Jumla ni 354. Pawa saplai yetu ya wati 300 za kweli inaweza kuzima mashine katikati ya mchezo, na mwenye mashine ataishia kuilaumu kadi.

Halafu kuna plagi. Nafasi ya kadi kwenye ubao hutoa wati 75 basi. Plagi ya ziada ya pini 6 huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150. Pawa saplai nyingi za kiwandani zina plagi moja tu ya namna hiyo, na nyingine hazina kabisa. Hapo ndipo fundi wa haraka hukutolea kiunganishi kinachogeuza plagi ya diski ya SATA kuwa ya kadi. Kikatae. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba wati 54 kwenye volti 12. Ukiidai 75 au 150, plastiki yake huyeyuka, na kuna zilizowahi kushika moto.

Kuna kadi za kukwepa tatizo hili, kama RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka mwaka 2024, inayokula wati 70 bila plagi yoyote. Kwa kompyuta ya ofisi isiyo na waya wa kadi ni mkombozi. Kwa mwenye 1660 Super ni hasara, kwa sababu kasi yao inakaribiana. Chaguo ninaloliona la akili kwa mashine yetu ni RTX 4060. Inakula wati 115, pungufu ya zile 125 za 1660 Super, na kwa kasi inaiacha mbali. Kama plagi ya pini 8 ipo na kadi inaenea kwa urefu, unachomoa ya zamani, unachomeka mpya, kazi imekwisha. RTX 3060 ya mtumba ina GB 12 za memori dhidi ya 8, na hilo si jambo dogo kwa gemu za sasa, ila inakulazimisha kurudi kwenye hesabu ya pawa saplai.

Kwa nini basi usibadilishe pawa saplai yenyewe? Ukiwa na bahati, ubao wako unafuata kiwango cha ATX, ambacho Intel ilikitoa mwaka 1995 ili sehemu za watengenezaji tofauti zioane. Utautambua kwa plagi pana ya pini 24. Lakini Dell, HP na Lenovo kwa nyakati tofauti zimetumia plagi zao zenye pini chache, na pawa saplai ya dukani haikutani nazo bila waya maalumu wa kugeuza. Wakati mwingine hata umbo lake ni tofauti, matundu ya skrubu hayalingani na kasha. Tazama hili kabla ya kununua mashine, si baada. Ni sekunde kumi za kuchungulia kwa tochi ya simu.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo jingine kwenye kibandiko hicho hicho. Mashine iliyotumika Marekani ilikuwa kwenye umeme wa volti 120. Kwetu ni 230 hadi 240. Ikiandikwa 100 hadi 240, badilisha waya wa ukutani tu. Ikiwa nyuma kuna swichi ndogo nyekundu iliyoelekezwa 115, igeuze kabla hujachomeka, la sivyo utasikia mlipuko na kunusa harufu usiyoisahau. Umeme unaokatika nao unataka UPS, lakini usitegemee kumalizia mechi. UPS ndogo ya VA 650 hubeba kama wati 360 hadi 400. Kompyuta ya gemu na monita yake vikiwa kazini vinakaribia hapo, hivyo una dakika chache za kuhifadhi na kuzima.

Joto nalo halitajwi dukani. Kadi nyingi za GeForce huanza kujipunguza kasi zikifika karibu nyuzi 83. Kasha lililojaribiwa kwenye chumba cha nyuzi 22 likiletwa Dar es Salaam kwenye nyuzi 32, joto la ndani hupanda karibu kwa kiasi hicho hicho. Safisha vumbi, na ongeza feni moja ya mbele kama tundu lipo. Ni kati ya maboresho ya bei ndogo kuliko yote.

Na kama lile jaribio la rezolusheni lilionyesha prosesa? Ubao wa B460 unaishia kizazi cha 10 cha Intel. Cha 11 haukipokei ingawa soketi ni ileile. Utaweza kuweka i7-10700 yenye kore nane, ila inaposukumwa huvuta zaidi ya wati 200, na ubao wa kiwandani uliopunguzwa gharama utaishikia chini. Faida inabaki ndogo kuliko bei.

Hapo kubadilisha ubao na prosesa kwa pamoja ndiko kunakobaki, pengine na kasha na pawa saplai. Kadi, SSD na, ukichagua ubao wa DDR4, RAM, utahama navyo. Leseni ya Windows hutahama nayo. Ile iliyokuja na mashine imefungwa kwenye ubao wake, kwa hiyo iweke kwenye bajeti. Kilichobaki unaweza kukiuza kama kompyuta ya ofisi, tena inayokubali Windows 11. Mwambie tu mnunuzi kwamba ile herufi F mwishoni mwa i5-10400F ina maana prosesa haina michoro ya ndani. Bila kadi, hata dhaifu kama GT 710, monita yake itabaki nyeusi.