Umerithi mkebe wa senti za shaba? Usikimbilie mizani

Nyumba nyingi za zamani hapa Bofu zina huo mkebe. Ni wa Kasuku au wa Kimbo, mfuniko umeshika kutu, uko uvunguni mwa kitanda cha bibi. Ndani mna senti zenye tundu katikati, kilo kumi, pengine ishirini. Bibi akitangulia mbele ya haki na chumba kikianza kusafishwa, swali ni moja tu: hizi tunazipeleka wapi?

Majibu hayakawii. Jamaa wa skrapu yuko mlangoni na mkokoteni. Kwenye simu kuna broka anayekwambia sarafu moja ya mfalme ni milioni. Wote wawili wanataka uamue leo leo. Wewe tulia, bana.

Kwanza jua ulicho nacho. Senti zenye tundu ni za enzi za mkoloni, zilizotumika Kenya, Uganda na Tanganyika kabla Kenya haijatoa pesa zake 1966. Ya senti tano wazee waliiita ndururu, ya kumi wakaiita peni. Ni za shaba, kwa hivyo smaku haizishiki. Sarafu ikinasa kwenye smaku, hiyo ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba tu, weka kando. Na ukikuta bob moja au tano zenye picha za marais, zipeleke dukani ukanunue mkate. Bado zinatumika sambamba na zile za wanyama zilizozinduliwa Desemba 2018.

Sasa hesabu ya skrapu. Kilo moja inabeba karibu peni mia moja. Tuseme jamaa anakupa shilingi 700 kwa kilo. Hiyo ni bob saba kwa kila peni. Kama ziko elfu mbili, zote zimechakaa na hakuna anayetaka kukaa miezi akitafuta wateja mmoja mmoja, si dili mbaya. Kosa ni kumwaga mkebe mzima kwenye mizani bila kuutazama.

Lakini milioni nayo sahau. Mabroka wanapenda sana senti za 1936 zenye jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza aliyejiuzulu Desemba mwaka huo hata kabla ya kutawazwa. Ni kweli kwao Uingereza sarafu zake ni adimu ajabu. Huku kwetu, ndururu na peni zenye jina lake zilitengenezwa kwa wingi, ndiyo maana hata mkebe wa bibi unazo. Anayekuahidi milioni halafu anaomba "ada ya usajili" kwanza, huyo anawinda elfu mbili zako, si sarafu zako. Mnunuzi wa kweli hutoa pesa, haombi.

Cha kutafuta hasa ni kile kisicho na tundu. Pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar ina mwaka wa Hijria 1299, yaani 1882. Nyingine ilitolewa na ile kampuni ya Waingereza ya IBEA iliyoshika Mombasa, mwaka 1888. Tarakimu ni za Kiarabu. Kama ulienda madrasa utazisoma mwenyewe. Zote mbili zina mchoro wa mizani. Kwa hivyo shika hii kichwani: yenye mizani haiendi kwenye mizani. Na kuna sheria. Kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kinahesabiwa kuwa kitu cha kale, na hukitoi nje ya nchi bila kibali. Vuka feri, zionyeshe watu wa makavazi ya Fort Jesus kabla hujamtumia mtu picha.

Usizisugue. Ndimu, majivu, waya wa kuoshea sufuria, acha vyote jikoni. Wanaokusanya sarafu wanataka ile rangi nyeusi ya uzee, na ukiing'arisha umeiua bei. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha zipange kwa mwaka na kwa herufi ndogo utakazoona, kama H au KN. Hizo ni alama za viwanda vya Uingereza, na mkusanyaji ataziulizia.

Na usiziyeyushe. Biashara ya skrapu ilipigwa marufuku Januari 2022 baada ya milingoti ya stima kuhujumiwa, na hata iliporuhusiwa tena mwezi Mei, shaba ilibaki kutazamwa kwa jicho baya. Sarafu unaweza kuieleza. Bonge la shaba iliyoyeyushwa linafanana na nyaya za kuibwa. Muuzie mwenye leseni na udai risiti.

La mwisho ndilo zito. Mkebe wa bibi si wako kwa sababu wewe ndiye uliyeuvuta uvunguni. Hiyo ni mirathi, ina wenyewe: baba, ami, shangazi, hata yule aliye Dubai. Zihesabu mbele yao, andikeni, pigeni picha. Familia zinagombana kwa vitu vidogo kuliko kilo ishirini za shaba. Mkishakubaliana, za kawaida ziende skrapu, nzuri zingoje mteja, na kila mjukuu achukue moja ya kuweka. Peni yenye tundu inaingia vizuri kwenye uzi.